Kiti Amekichukua Zuhura

Edmonton, Landani

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Naomba karatasi hii ikukute umekaa mahali pa utulivu, na mgongo wako umeachia tangu siku ile ulipoinua gunia la mkaa peke yako kama huna majirani. Sukari ya Mama inasemaje? Bado anajificha akinywa chai ya maziwa, au ameogopa kweli safari hii? Na mwanao Nasra, amekwisha patana na hesabu? Mimi ni mzima. Baridi imenikalia magotini, na wazee ninaowalea kazini wananicheka kwamba natembea kama mwenzao, lakini kula nakula na kulala nalala.

Nakuandikia kwa mkono na kumpa jirani yangu anayekuja Tanga likizo, kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na haya sitaki Mama ayasikie kabla yako. Umeniuliza mara nyingi yule mzee wa Kihindi aliyezungumza nawe kwenye simu yangu Ijumaa ile ni nani, na kwa nini alikata maneno ghafla. Kila mara nilikujibu nitakueleza. Leo nakueleza. Ni habari ya Idrisa.

Usiikunje karatasi. Soma mpaka mwisho.

Unajua nilivyo na huyu mtu. Alipokuoa nilikuwa bado navaa sare ya shule, na alikuwa akinituma sigara dukani. Nilikuwepo ulipomsindikiza kuja huku akiahidi kukuita wewe na mtoto. Na nilikuwepo, nimekaa nawe mkekani kwa mama yake, siku ulipofungua ujumbe wake wa sauti mbele ya watu ukidhani ni salamu za Idi. "Zuhura, mimi sasa ni mtu wa daraja lingine. Wewe hutaweza kukaa na watu ninaokaa nao. Nimekuacha." Mama mkwe wako aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Wewe ukaendelea kuchambua mchele. Mimi sijawahi kukuona ukilia kwa jambo lile, na hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko kilio.

Mama alisema tumwachie Mungu. Nilipofika Landani nilimwachia Mungu kweli, maana mji huu ni mkubwa na sikujua Idrisa yuko upande gani. Mpaka nilipokwenda kusaidia kwenye harusi kule Queensbury.

Rafiki yangu Kadzo, yule Mgiriama wa Kilifi ninayefanya naye kazi, alikuwa amepata kibarua cha kugawa chakula ukumbini, akaniita. Queensbury wanakaa Wahindi wengi waliotoka kwetu, wa Mombasa, wa Kampala, wa Dar, na harusi zao zina biriani ya kulisha mtaa. Niko na sinia mkononi, nikasikia sauti. Sauti haizeeki, dada. Niligeuka nikamwona Idrisa amekaa na wanaume wenzake, suti ya kijivu, tumbo limemtangulia, anawaonyesha simu yake.

Alikuwa akiwafundisha mnada wa viti vya treni. Anasema kila Ijumaa anakwenda Leeds, mji wa kaskazini, kwa kuwa mkewe ni daktari huko na yeye kazi yake iko Landani. Ananunua tiketi ya kawaida, ya kubanana, kisha anaingia kwenye programu fulani ya simu. Humo wanauza kwa mnada viti vya daraja la kwanza vilivyobaki. Unataja bei, wenzio wanataja zao, na mnada unafungwa kabla treni haijaondoka. Ukishinda unahamia daraja la kwanza. Ukishindwa hulipi kitu, unabaki na tiketi yako. "Siri ni kusubiri mpaka mwisho," akawaambia, "kisha unaongeza kidogo tu juu ya mwenzio. Mimi sijawahi kukosa. Mkwe wangu anadhani nalipa bei kamili." Wakacheka. Jina lake humo amejiandika Bosi wa Tanga. Nililiona kwenye kioo wakati namwekea sahani.

Akasema, "Asante, dada," bila kuinua macho. Mikono hii aliyokuwa akiituma sigara ilimpakulia nyama na hakuitambua.

Nilirudi jikoni, na Kadzo akaniona nimeshika mwiko kwa mikono miwili.

"Wewe wataka nini sasa," akaniuliza nilipomweleza, "kumuua?"

"Nataka asimame," nikamwambia. "Nataka asimame kutoka Landani mpaka Leeds."

Kampuni yangu ina nyumba ya wazee huko Leeds, na kila mara walikuwa wakitubembeleza twende kufanya shifti za mwisho wa wiki. Nilikuwa nakataa. Jumatatu ile nikawaambia nitakwenda, na nitasafiri Ijumaa alasiri. Nikaiweka ile programu kwenye simu. Ilipouliza nataka kujulikana kwa jina gani, nikaandika Zuhura.

Ijumaa ya kwanza nilikaa kituoni King's Cross, chini ya ule ubao mkubwa wa saa za treni, najificha kama naiba. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Watu wawili watatu wakataja bei wakachoka. Karibu na kufungwa akaibuka Bosi wa Tanga, akaongeza kidogo. Nikaongeza pauni moja. Akaongeza. Nikaongeza. Mnada ukafungwa, na simu ikaandika kwamba kiti amekichukua Zuhura. Najua na simu yake iliandika vilevile, kwa sababu programu humtaja mshindi kwa wote walioshindania.

Nikwambie ukweli kuhusu daraja la kwanza? Ni viti vipana, na watu hawazungumzi. Mhudumu anakuja na chai katika kikombe cha udongo, anakuuliza kama unataka na biskuti. Sikuionja chai yenyewe. Nilisubiri treni iondoke, nikainuka kama naenda msalani, nikachungulia behewa la pili. Ijumaa watu wanajaa mpaka milangoni. Idrisa alikuwa amesimama karibu na mlango wa choo, begi katikati ya miguu, anaitazama simu yake kama imemtukana. Nikarudi nikaketi, na chai ilikuwa imepoa, nikainywa yote.

Nilifanya hivyo Ijumaa iliyofuata, na zilizofuata. Mara moja alinishinda, nikakosa usingizi. Mara nyingine zote kiti alikichukua Zuhura. Alianza kuingia mnadani mapema, akapandisha bei kwa hasira, nami nikamwacha apande peke yake kisha nikamkata mwishoni kwa siri yake mwenyewe. Siku moja nilimsikia akimuuliza mfanyakazi wa treni, kwa Kiingereza chake cha puani, huyu Zuhura ni nani hasa. Yule kijana wa treni akamwambia hawaruhusiwi kutoa habari za abiria. Idrisa akafuta jasho, na kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Kadzo akaniambia imetosha. "Mshahara wako waishia kwenye viti. Huyo mtu ataumwa miguu wiki moja, kisha apone." Alisema kweli, lakini sikuwa tayari. Nilikuwa na njaa ambayo chai ya treni haikuitoa.

Basi ikaja ile Ijumaa. Kadzo naye alikuwa na shifti Leeds, tukawa wawili. Tuko kituoni, nikamwona Idrisa anakuja akimshika mkono mzee mmoja wa Kihindi, mwembamba, kofia ya kufuma, anatembea kwa mkongojo. Wakasimama karibu nasi kiasi cha kusikia. Mzee akasema kwa Kiswahili cha Mombasa, "Una hakika na viti, Idrisa? Goti langu halitaki kusimama." Naye akajibu, "Baba, mimi nasafiri daraja la kwanza tu. Wewe niachie mimi."

Viti vilikuwa vimebaki viwili. Nilimtazama Kadzo, naye akatoa simu yake bila kuulizwa, akasema, "Haya, leo ya mwisho." Kimoja akakichukua Zuhura na kingine akakichukua Kadzo. Nikamwona Idrisa anaisogeza simu karibu na uso. Kisha akamwambia mkwewe kuna hitilafu ya mtandao, wapande tu, atayamaliza ndani.

Hakuyamaliza. Nilipochungulia, mzee alikuwa ameegemea ukuta wa choo, uso umegeuka kijivu, na Idrisa anamwambia mtu yeyote anayepita kwamba kuna makosa yamefanyika. Hapo roho yangu ikagoma, dada. Mzee yule hakunikosea kitu. Nikarudi nikamwambia Kadzo, naye akainuka. "Mlete akae kwangu," akasema. "Mimi nitakwenda kusimama na shemejio, nimtazame vizuri."

Nikamwendea mzee. "Shikamoo, mzee. Njoo ukae, kuna kiti."

Akaniitikia marahaba kwa sauti ya kuchoka. Idrisa akaniinulia uso, mara ya kwanza. Akasema, "Mungu akubariki, dada yangu." Na bado hakunijua.

Mzee anaitwa Gulam. Alikuwa na duka la dawa Queensbury mpaka alipostaafu. Alipokunywa chai rangi ikamrudia, akaanza kunihoji kama wazee wetu wanavyohoji.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Tanga, mzee."

"Aa, Tanga. Mimi ni wa Mombasa, nimezaliwa Kibokoni. Na huyo mkwe wangu naye ni wa Tanga. Maskini, alifiwa na mke huko."

Niliweka kikombe chini. "Alifiwa?"

"Malaria. Alikuwa bado kijana. Akiitwa Zuhura." Akatikisa kichwa. "Binti yangu hakutaka mwanamume aliyeacha mke. Alisema aliyeacha mmoja ataacha na wa pili. Huyu tukamwona ni mfiwa, mwenye kusali, tukamhurumia. Kabla ya nikahi nilimsomea marehemu hitma nyumbani kwangu. Tulijaza watu."

Dada, umesomewa hitma Queensbury. Watu wamekuombea kaburi lako lipanuliwe, wakala, wakanawa mikono, na Idrisa amekaa pale akiitikia amina. Nilitaka kupiga kelele behewa zima lisikie, nikajizuia. Nikamuuliza polepole, "Na mtoto je? Hakuacha mtoto?"

"Hakujaaliwa," akasema mzee.

Hapo ndipo nilipokupigia simu ya video. Huko kwenu magharibi ilikuwa inaingia. Ulikuwa jikoni unakuna nazi, umejifunga kanga kifuani, ukasema ngoja nivae kitu, ukarudi na mtandio. Nikakwambia kuna mzee hapa wa Mombasa anataka kukusalimia, nikampa simu. Unakumbuka mlivyozungumza, lakini wewe hukuuona uso wake unavyobadilika, kwa sababu alikuwa ameiweka simu chini ya kidevu kama wazee wote.

Alikuuliza jina, ukasema Zuhura binti Salimu. Akakuuliza mumeo, ukasema huna, ulikuwa naye, anaitwa Idrisa Mbaruku, na yuko hukohuko Uingereza. Ulisema bila uchungu, kama mtu anayeelekeza njia. Ndipo Nasra akapita nyuma yako na ndoo, akageuka kutazama simu.

"Yule binti ni nani?" mzee akauliza.

"Wangu, Nasra."

"Na baba yake?"

"Ni huyohuyo."

Ndiyo maana alinirudishia simu ghafla, dada. Hakuwa na adabu mbaya. Nasra ana paji la uso la Idrisa na masikio ya Idrisa, na mzee alikuwa ameketi mbele ya sura ile mezani kwake siku zote hizi. Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, "Mdogo wake." Hakuniuliza lingine. Akashika mkongojo akasimama, nikamfuata, treni inayumba, anakataa kushikwa.

Idrisa alipotuona akatabasamu. "Baba, umepumzika?"

Mzee akasimama mbele yake, watu wamebanana pande zote. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, wala hakuinua sauti. "Idrisa. Nimemwamkia marehemu wako. Ameitika."

Yule mtu alinitazama. Safari hii alinitazama hasa, na nikaona ananipata, kidogo kidogo, kutoka kwenye sare ya shule. Midomo yake ikasema Rehema lakini sauti haikutoka. Kadzo, aliyekuwa amebanwa mgongoni mwake, akamwambia, "Sogea, kaka, wamziba mzee njia." Akasogea. Hakuwa na pa kwenda. Treni ile haisimami mara nyingi, na safari nzima alibaki palepale mlangoni, watu wakimpita kwenda na kutoka chooni.

Tulipofika Leeds, binti wa mzee alikuwa akisubiri. Anaitwa Shamim. Ni mrefu, ana sura ya upole, na alikuwa bado amevaa kitambulisho cha hospitali shingoni. Idrisa alinyoosha mkono kuchukua begi la mkwewe, mzee akalihamishia upande wa pili. Shamim akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Mimi na Kadzo tukaondoka. Nilikuwa nimeingoja siku ile kwa muda mrefu, na nilipoipata nilitembea mpaka kazini nacheka peke yangu barabarani kama mwehu. Sitakudanganya kwamba nilihuzunika.

Wiki ile ile Idrisa alikuja Edmonton. Sijui nani alimpa anwani. Nilitoka kuweka taka nje nikamkuta amesimama kando ya kijiukuta cha mbele, hana suti, amevaa koti la mvua. Wamemtoa nyumbani. Shamim amebadilisha kufuli.

"Rehema, wewe ni mdogo wangu," akaanza.

"Mimi ni mdogo wake Zuhura."

Akasema nimweleze mzee kwamba aliletewa habari za uongo kutoka Tanga kuwa umekufa, kwamba naye alidanganywa. Alikuwa ameshaupanga uongo wenyewe, na nani aliyemwambia, na msiba ulikuwa wapi. Nilimwacha amalize. Nikamwambia, "Na Nasra? Naye uliambiwa amekufa, au hukuambiwa amezaliwa?"

Akakaa juu ya kijiukuta. Akalia, dada. Nilikuwa na hamu ya kukiona kilio kile tangu siku ya mkekani, na nilikitazama chote. Aliponiambia umenivunjia nyumba, nilimwambia nyumba yenyewe aliijenga juu ya kaburi la mtu aliye hai, asimlaumu aliyelifukua. Mwishoni akasema, "Basi niombee msamaha kwa Zuhura." Nikamjibu, "Maiti hasamehi, Idrisa. Ngoja siku ya kufufuliwa." Nikafunga mlango.

Shamim naye alinipigia. Kwa huyu sina cha kujisifia. Katika mipango yangu yote sikuwa nimemweka yeye, nilikuwa namwona Idrisa tu. Hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja, kama wewe unajua kwamba yeye hakujua. Nikamwambia nitakuandikia. Sasa unajua.

Na mzee Gulam ana ombi. Anasema aliyemsomea hitma mtu aliye hai anapaswa kwenda kumwomba radhi kwa miguu yake, goti liume lisiume. Anataka kuja Tanga na Shamim baada ya mfungo, wakuone, wamwone na Nasra. Nilimwambia mlango ni wako na ufunguo ni wako. Ukikataa, nitamweleza kwa heshima. Ukikubali, jiandae kwa mtu anayehoji sana.

Nifikishie salamu kwa Mama, na umsomee haya kwa kipimo chako, ukimficha yale ya mshahara. Salamu kwa mjomba Hatibu, aliyekusindikiza kwa kadhi wakati mtu mwingine hakujitokeza. Salamu kwa wifi yetu Mwanahamisi na mapacha wake. Na mama yake Idrisa, ukikutana naye sokoni, msalimie vizuri kwa niaba yangu. Yule hana kosa. Nasra mbusu, ila usimwambie neno mpaka wewe mwenyewe utakapoona wakati umefika.

Ijumaa hizi nasafiri kwenye behewa la kawaida, na mara nyingi nasimama. Miguu inauma lakini roho imeshiba. Najua utanigombeza kwa kulitumia jina lako bila ruhusa. Nigombeze. Usiniambie tu kwamba nimsamehe, maana sijafika huko na sijui kama nitafika.

Neno la mwisho. Idrisa ameipata namba yako, na atakupigia. Ukipenda usipokee. Lakini ukipokea usimtukane wala usimjibu lolote. Kaa nayo sikioni tu, umwache akusikie unapumua.

Mdogo wako akupendaye,

Rehema